Sindano Tatu Katika Ala Moja

Ng'ambo ya barabara, mbele ya nyumba yangu hapa Mulekera, Butembo, kuna seremala kijana anayepasua mbao tangu asubuhi. Siku nyingi huwa ni mbao za mkaratusi, na hizo wala hazinishughulishi. Lakini mara moja moja huletewa mbao nyepesi, nyeupe, zenye mistari ya rangi ya asali, na msumeno ukizama tu, harufu ya utomvu inavuka barabara, inapita katikati ya moshi wa pikipiki na kunikuta jikoni. Hapo naepua sombe yangu, mboga ya majani ya mihogo, hata kama haijaiva, najifunga kitenge, naenda kusimama karibu na meza yake kama mtu aliyetumwa. Kijana amenizoea. Huwaambia wateja wake tu kwamba koko, yaani bibi, amekuja kunusa sapini.

Sapini. Huku kwetu kila mti wa Wazungu wenye majani membamba ni sapini: ule wa makaburini ni sapini, ule wa uani kwa mapadri ni sapini, ule wa kando ya barabara ya Lubero nao ni sapini. Ninyi wa rika langu mnajua. Lakini nyumbani kwetu Mususa, sapini ya kweli ilikuwa moja tu, ile ambayo vitabu huiita msonobari, na mimi nilifundishwa kuitambua kabla sijafundishwa kusoma.

Baba alisema nisitazame umbo, kwa sababu miti hudanganya kwa umbo kama watu wanavyodanganya kwa suti. Nichume jani. Likiwa limebanana na kusukwa kama kamba, huo ni ule wa makaburini, niuache huko huko. Likiwa na viungo vinavyokatika ukivivuta, huo pia si wenyewe. Msonobari wake yeye ulikuwa na sindano ndefu, laini, zinazoning'inia kama ndevu za mbuzi, na sindano hizo haziishi peke yake. Zinatoka tatu tatu, zimeshikwa chini na ala moja ndogo ya kahawia, na hata zikikauka zinaanguka zote tatu pamoja, bado zimeshikana.

"Moja ni miye," alisema, akizitenganisha kwa ukucha wa kidole gumba. "Ingine ni mama yako. Na hii ya kati ni weye."

Mara moja tulikuta ala yenye sindano nne. Baba alicheka, akamtazama mama, akasema huyo wa nne ni yule tunayemngojea. Mama alimwambia aache kutafuta watoto kwenye majani.

Baba alikuwa dereva wa lori la Asumani, mfanyabiashara Mwislamu wa Beni, mtu mrefu wa kanzu safi ambaye kila alipopita kwetu aliniletea tende. Baba alipakia viazi na maharagwe upande wa Lubero, akateremka navyo hadi Beni, akaendelea na barabara ya msitu, na kurudi na mafuta ya mawese. Gari lake lilinuka mawese na yeye pia alinuka mawese. Kitu kimoja tu alichopenda kisichohusika na gari kilikuwa mti ule. Alikuwa ameuona huko juu kwenye ukungu wa Lubero, mahali ambapo migomba inakataa na mvua ya mawe inavunja mikaratusi, nao umesimama umenyooka, kijani mwaka mzima, kana kwamba baridi ile inaipata miti mingine tu. Shamba letu dogo lilikuwa mgongoni mwa kilima, kwenye upepo. Baba alitaka mti usioogopa kitu.

Tulikuwa tumepata uhuru. Kwangu mimi uhuru ulikuwa na maana moja: Mzungu mwenye shamba la miti juu ya barabara ya Lubero alikuwa ameondoka na mbwa wake, na lango lake lilibaki wazi. Baba aliingia. Alituletea matunda ya msonobari, yale magumu yaliyofumba kama ngumi, na gunia la udongo mweusi. Matunda aliyapanga kando ya mafiga. Kesho yake, tulipokuwa tunakula, yakaanza kusema: ta, ta. Tukanyamaza wote, hata Mukaka, mama yake baba, ambaye hakuwahi kunyamazia kitu. Magamba yalikuwa yanafunguka kwa joto, na ndani yake mbegu ndogo ndogo, kila moja na ubawa wake mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Baba alisema mti huo unaweza kufumba mbegu zake miaka na miaka, ukingoja tu joto la kweli. Mpaka leo sijaona werevu wa mti unaonishangaza kama ule.

Tulipanda mbegu pamoja, mimi na yeye, kwenye kitalu nyuma ya jiko. Gunia la udongo aliliegemeza ukutani. Alisema liachwe hapo, atatuonyesha kazi yake akirudi, na akaondoka na lori, kwa sababu Asumani alikuwa anamngoja Beni.

Sasa fikirini mwanamke wa Kinande, kabila letu la wakulima, aletewe udongo. Udongo, Butembo, ambako ukiangusha mfupa wa kuku unaweza kuota. Mama alicheka siku nzima. Kisha maharagwe yakavunwa, magunia yakakosekana, naye akafanya jambo ambalo jirani yeyote angefanya: alimwaga udongo ule kwenye shimo lililochimbwa na maji ya mvua chini ya ukingo wa bati, akakung'uta gunia, akatia maharagwe. Mvua zilizofuata zilizoa karibu wote hadi bondeni.

Wakati huo ndipo waasi walipofika. Wenzangu hamhitaji niwasimulie. Vijana wenye majani kichwani na ngozi kiunoni, wengine niliowajua kwa majina ya nyumbani, walishika barabara, na malori yakaacha kupita. Watu walisema baba amekwama Beni. Wengine walisema yuko ng'ambo ya msitu. Mama alijibu wote kwamba atarudi njia ikifunguka, na kazi ikaendelea kama kawaida.

Mbegu ziliota. Kila mche ulitoka na ganda la mbegu bado kichwani kama kofia, kisha ukalivua na kufungua mwavuli mdogo wa kijani. Niliipenda hata nikachuchumaa kitaluni na kukanyaga ukingo wake. Mukaka alinivuta sikio.

"Hapana kanyaga pale," alisema. "Pale iko baba yako."

Bibi yangu alitaka tu nitoe miguu yangu kwenye kazi ya mwanawe. Lakini mimi nilisikia alivyosema, na nikaamini alivyosema. Baba yuko pale. Kutoka siku hiyo nilikwenda kitaluni kila asubuhi kumwamkia kabla ya mtu mwingine yeyote, na nilipoikuta miche mizima nilijua kwamba popote alipo, baba ni mzima.

Halafu ikageuka njano.

Ilianza nchani. Mama alitumia maarifa yote ya mikono yake: majivu, samadi ya mbuzi, maji ya kuoshea maharagwe, kila kitu kinachoamsha vitunguu na viazi vyetu. Kadiri alivyoilisha ndivyo ilivyozidi kukauka. Mimi niliacha kula. Ilipokuwa baridi, niliifunika miche kwa gauni langu la misa, na kwa kosa hilo hakuna aliyenigombeza, jambo ambalo lilinitisha zaidi. Mwishowe nilimwuliza mama kama baba ana homa. Alisema hajapata habari yoyote. Nikamwambia mimi ninayo habari, kwamba baba anakufa, kwamba Mukaka mwenyewe alinionyesha alipo na mama aje amtazame. Nilimshika mkono nikamwonyesha sindano moja baada ya nyingine. Mama aliniambia nikanywe uji.

Siku chache baadaye Asumani alikuja. Yeye mwenye malori alikuja kwa miguu kutoka Beni, kanzu imeingia matope hadi magotini. Mama alimmiminia maji, akanawa, akakataa chakula. Walikaa uani kwenye viti vya chini, Mukaka akiwa katikati yao, na mimi nikafukuzwa niende kuchuma mboga. Nilichungulia kutoka kwenye migomba. Sikusikia neno. Niliona tu Asumani ameinua mikono, viganja wazi, uso umeelekea kitaluni, na midomo inatembea. Mama akafanya ishara ya msalaba. Nilifurahi mno. Niliona kwamba hatimaye watu wazima wamenielewa, na kwamba sasa miche inaombewa na dini mbili, haiwezi kushindwa. Asumani alipoondoka aliniwekea kiganja kichwani na kusahau kwamba hakuniletea tende.

Kesho yake mama alizunguka nyumba kama mtu aliyepoteza ufunguo. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, kimekazwa hadi kwenye nyusi. Akasimama chini ya ukingo wa bati. Pale shimoni, ambapo alimwaga udongo wa baba, mbegu moja ilikuwa imeanguka wakati wa kupanda, nayo imeota bila mtu kuijali, bila majivu wala samadi. Ilikuwa kijani kama jani la kitunguu. Mama alipiga magoti. Alichota kidogo cha udongo uliobaki, akaunusa, akautazama dhidi ya mwanga. Kisha akaketi pale chini, mkono mdomoni. Alikuwa ameelewa gunia lile lilikuwa la nini.

Mukaka alimkataza kwenda kuchota mwingine kwenye shamba la Mzungu. Alimkumbusha kwamba barabara ina vizuizi na kwamba mwanamke hafi kwa ajili ya miti. Mama alimjibu kwa Kinande, polepole, maneno machache niliyoyasikia vizuri na ambayo sikuyaelewa: kwamba haendi kwa ajili ya miti. Alfajiri akachukua kitunga kikubwa na mimi kidogo, na tukapanda kilima.

Ndani ya shamba la Mzungu palikuwa kimya. Mama alifika kwenye miti ya kwanza, akashusha kitunga na kuanza kuchimba kwa jembe dogo. Nilichuma jani. Lilikuwa limesukwa kama kamba. Nikamwambia mama huu ni ule wa makaburini, si wa baba. Alisema sapini ni sapini. Nikamwambia hapana, na nikakimbia mbele nikichuma jani la kila mti, huu si wenyewe, huu si wenyewe, mpaka nikatumbukia mahali ambapo miguu haikutoa sauti. Chini palikuwa na zulia la sindano kavu, na nilipookota moja zilikuja tatu. Mama akaja akasimama. Sijawahi kuona miti imesimama vile tangu siku ile, mashina yamepanda bila kona hata moja, na juu upepo unapita kama maji ya mto yaliyo mbali. Mama aliinua uso, akakaa hivyo kidogo. Nilimwona anafuta macho na nikadhani ni vumbi.

Chini ya sindano kavu udongo ulikuwa mweusi, una nyuzi nyeupe nyembamba, na unanuka uyoga. Tulijaza vitunga, tukafunika kwa majani. Mama alivaa kamba ya kitunga kwenye paji la uso, juu ya kitambaa chake. Tukiwa njiani mvua kubwa ilitupiga. Wanawake waliokuwa wamejikinga pamoja nasi chini ya mkaratusi walivua vitambaa wakavikamua. Mama hakuvua chake. Maji yalimchirizika usoni hadi shingoni naye ametulia tu.

Kizuizi kilikuwa karibu na mji, gogo moja katikati ya barabara. Vijana walikuwa watano au sita, na mkubwa wao, mwenye bunduki, hakuwa na ndevu bado.

"Mama, mu kitunga iko nini?"

"Udongo."

"Ya wapi?"

"Ya kule juu, chini ya basapini."

"Butembo muliishiwa na udongo?"

Wenzake walicheka, kisha wakaacha. Mmoja alikuwa amefunua majani kwa ncha ya mkuki na kuona zile nyuzi nyeupe. Vijana wale walikuwa wamenyunyiziwa maji ya kuzuia risasi, na maji yale yalikuwa na miiko: wasiguswe na mwanamke, wasipokee kitu mkononi mwake, na mengine mengi ambayo sisi watoto tuliyajua yote kwa sababu tulikuwa tukiyachezea. Sasa mwanamke ametoka kilimani na udongo unaonuka, wenye nyuzi kama za sanda. Hata mimi nilianza kuuogopa.

"Hii ni dawa ya kutumaliza," alisema mwenye bunduki, na akaiinua.

Mama alishusha kitunga. Akachota udongo kwa vidole vitatu, akautia kinywani, akatafuna, akameza. Nilisikia mchanga ukisagika kwenye meno yake.

"Kama ni dawa, itaanza na miye," alisema. "Ni ya kupandia muti ya bwana yangu." Akachota tena, akamnyooshea yule kijana mkono uliojaa. "Kamata. Onja."

Yule mwenye bunduki alirudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka. Alirudi tena hatua moja, wenzake wakarudi naye, na barabara ikawa nyeupe mbele yetu.

"Pita, mama. Lakini pita mbio."

Hatukupita mbio. Mama alivaa kamba yake taratibu, akanipa mkono, na tukapita kama watu wanaotoka misa. Nimewaona wakubwa wengi maishani, wengine na magari na walinzi, lakini sijamwona aliyepita mbele yangu na heshima kama ile ya mama yangu akiwa na udongo midomoni.

Tulichanganya udongo ule kitaluni siku hiyo hiyo. Baadhi ya miche ilikuwa imekwisha, ikafa. Mingine ilisita. Kisha, polepole mno kwa mtoto anayeangalia kila asubuhi, kijani kilianza kupanda kutoka chini, sindano kwa sindano, na nchani zikatokea mpya, tatu tatu. Tuliihamishia mgongoni mwa kilima. Mmoja wao bado uko. Mvua ya mawe imeupiga, radi imeukata tawi, vita vilivyofuata vimepita chini yake na kuni zake zimetamaniwa na majeshi yasiyopungua manne, nao umesimama. Vijana wa pikipiki wa Mususa hutumia mti huo kuelekeza wateja: ukifika Kwa Sapini, pinda kulia. Hawajui ulipandwa na nani, na mimi nikipanda pikipiki zao siwaambii.

Lakini nimekimbia mbele. Ilikuwa asubuhi, miche bado iko kitaluni, yote iliyobaki imekuwa kijani bila hata doa. Nilimwita mama. Nilikuwa nimekula uji wote, na nilikuwa na habari njema ya kumpa.

"Baba amepona," nikamwambia.

Mama alitazama kitalu, mche baada ya mche, kama mtu anayehakikisha kazi ya mwingine. Kisha akaketi chini kwenye umande akanivuta karibu.

"Baba yako alikufa," alisema. "Kule mu msitu, na gari. Asumani alimuzika."

Nilicheka. Nikamwonyesha miche. Nikamwambia haiwezekani, aangalie mwenyewe.

"Njo ile ninataka uangalie," alisema mama. "Weye ulisema muti ikikufa, baba naye anakufa. Baba alikufa, na muti iko. Muti hapana baba yako, mutoto yangu. Muti ni ya baba yako."

Nilimuuliza amekufa lini, jana? Leo? Kwa sababu jana miche ilikuwa kijani, na juzi pia. Nilitaka siku, nikamsumbua, nikampiga kifuani kwa ngumi. Mama aliinua mikono nyuma ya shingo, akafungua fundo la kitambaa, akakivua.

Alikuwa amenyolewa, kama wajane wetu wanavyonyolewa. Nilipeleka kiganja nikitegemea ngozi laini, lakini kitu kikanichoma. Nywele zilikuwa zimeshaanza kuota, nyeusi, zimesimama, ndefu kama punje ya mchele.